Tiketi ya Ndege Kabla ya Treni: Palipoharibikia Safari ya Paska

Sote tuliokuwa kwenye gare ya Kabalo jioni ile tuliisoma ile karatasi ya ratiba iliyobandikwa mlangoni, na bila shaka wengi tuliganda kwenye mistari ileile miwili. Treni kufika Lubumbashi: Jumatano jioni. Ndege ya Kinshasa: Alhamisi asubuhi. Kati ya mistari hiyo hapakuwa na kitu ila usiku mmoja. Tiketi za ndege zilikwisha kulipwa, tena zile za bei ya chini ambazo hazibadilishwi tarehe wala kurudishiwa pesa. Treni yenyewe ilikuwa haijaonekana hata Kongolo.

Safari ya walimu wetu kwenda kuutembelea mji mkuu iliharibikia hapo, mezani kwa komite ya safari, wiki kadhaa kabla mtu hajafunga mzigo. Yaliyofuata mnayajua. Treni iliingia Lubumbashi ndege ikiwa imekwisha kuruka. Wenye uwezo wakakopa na kununua tiketi nyingine, wengine wakabaki Lubumbashi, na Kinshasa iliyopangiwa juma zima ikatazamwa kwa siku mbili za kukimbizana.

Mengine yote yalifanywa vizuri. Michango ilikusanywa kwa uwazi, chakula cha njiani kilitosha, malazi ya Kinshasa yalikuwa safi na salama, na orodha ya mahali pa kutembelea sijaona nzuri kama ile.

Tuirudie basi ile mistari miwili. Safari ya Kabalo hadi Kinshasa kwa njia ya Lubumbashi ina vipande viwili vya tabia tofauti kabisa. Kipande cha kwanza ni reli, kama kilomita 1,000: kutoka hapa hadi Kamina kwenye njia iliyofunguliwa mwaka 1956, kisha Kamina hadi Lubumbashi. Ni reli ya njia moja. Treni inayokwenda inangoja inayorudi, mashine ikichoka inangojwa nyingine, na tuta likilowa dereva anatembea polepole kwa sababu ana roho za watu nyuma yake. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuiahidi treni hiyo siku, sembuse jioni. Kipande cha pili ni anga, zaidi ya kilomita 1,500 kwa muda wa saa mbili na kidogo. Kule mlango unafungwa kwa dakika, na aliyechelewa hana wa kumlalamikia.

Unapounganisha vipande vya namna hiyo, kisichotabirika ndicho kinachopewa nafasi, na kisichosubiri ndicho kinachonunuliwa mwisho. Komite ilifanya kinyume chake. Ilianza kukifunga kile kigumu, ikakiambia kile chenye mashaka kijitahidi kukifikia. Mama mmoja anayepeleka samaki wakavu Lubumbashi aliwaambia pale pale gare, mbele yetu: "Wanangu, mimi mzigo wangu nauhesabia juma moja, nanyi ni watu." Akajibiwa kwa heshima, "Mama, tiketi zilikuwa na punguzo." Hakuongeza neno.

Punguzo hilo tulipigie hesabu, maana ndilo utetezi mkubwa wa komite hadi leo. Tuseme tiketi ya mapema ilipungua robo ya bei. Ukiwahi ndege, umeokoa robo. Ukichelewa, umepoteza robo tatu ulizokwisha kulipa na unanunua tena kwa bei kamili. Katika safari nne za namna hiyo, ukichelewa mara moja tu, punguzo lote la mara nne limekwisha. Ukichelewa mara mbili, unalipa kuliko yule aliyenunua kwa bei kamili siku ya mwisho. Sasa aniambie mkaazi yeyote wa Kabalo, awe mchuuzi, mwanafunzi au fundi wa reli: je, treni ya mwezi wa Aprili inaingia Lubumbashi siku iliyoandikwa mara tatu katika nne? Komite ilikuwa na walimu wa hesabu ndani yake. Wangeweza kuifanya hesabu hiyo kwenye ubao kabla ya kutoa hata faranga moja.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba watu hawa hawakuwa wazembe. Kwenye karatasi ileile waliandika kwa wino mwekundu kwamba Kinshasa iko nyuma ya Lubumbashi kwa saa moja, watu warudishe saa zao wakishuka uwanja wa ndege wa N'djili. Walioikumbuka saa moja ya anga wakazisahau siku mbili za reli.

Utetezi wa pili ni mvua. Mvua ya Aprili haiwezi kuitwa ajali. Nchini kwetu Aprili masika bado hayajaaga, na Kinshasa ndiyo mbaya zaidi: kule mvua inaanza Oktoba na kuisha Mei, na vilele vyake ni Novemba na Aprili. Mwanzoni mwa Aprili 2025 mto N'djili ulifurika, watu zaidi ya 30 wakafa, na barabara ya kwenda uwanja wa ndege ikakatika. Hayo yalitangazwa redioni kwa siku nyingi. Mtu anayepanga kushuka N'djili mwezi huohuo anapaswa kuliweka jambo hilo juu ya karatasi yake, kabla ya jina la hoteli.

Hapa nairudia kesi yangu ya zamani, wasomaji mnisamehe. Hii imani kwamba Aprili ni mwezi wa matembezi tumeiokota kwenye vitabu vya Wazungu. Kwao Aprili ni majira ya kuchipua: baridi inaondoka, miti inatoa maua, watu wanakwenda Paris au Washington kutazama bustani. Mwezi wao wa maua ndio mwezi wetu wa matope. Mwenzake wa majira hayo, kwa mtu anayekwenda Kinshasa, ni Juni na Julai: kiangazi, anga la mawingu mepesi, joto limepungua, vumbi badala ya mafuriko. Mfalme Albert I wa Ubelgiji aliyesafiri Kongo mwaka 1928 alikuwa Kinshasa tarehe 1 Julai, na ni katika ziara hiyohiyo alipoifungua reli ya Ilebo. Waliompangia walijua kalenda ya nchi hii kuliko sisi tuliozaliwa ndani yake.

Komite inasema konji ya Paska ndiyo iliyokuwapo. Konji kubwa je? Walimu wanamaliza mwaka wa shule mwanzoni mwa Julai, na mbele yao kuna majuma, si siku. Nimeambiwa kwamba mmoja alitaka kuyaona maporomoko ya Zongo yakiwa yamejaa. Hiyo ni hoja ya kweli, kwani mto Inkisi unapungua kiangazi. Lakini huwezi kuyaona maporomoko yaliyojaa ukiwa umekaa Lubumbashi na tiketi iliyokufa mfukoni.

Zamani hapa Kabalo jambo hili lilieleweka. Kampuni ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902, ilijenga kazi yake yote juu ya kupokezana: reli pale penye maporomoko, masua pale mto unapopitika. Njia ya Kalemie, kilomita 273, ilikamilika mwaka 1915, na mji wetu ukawa mahali pa kushuka kwenye treni na kupanda masua ya kwenda Bukama. Wazee waliofanya kazi pale walitusimulia kwamba neno kubwa kwao lilikuwa korespondansi, yaani kuunganisha safari moja na nyingine. Karani hakuulizwa treni inakwenda kasi gani. Aliulizwa masua iko wapi, imebeba nini, imepita kijiji gani, na abiria walale wapi ikichelewa. Kukaa Kabalo usiku mbili kulikuwa sehemu ya safari, kumeandikwa na kumelipiwa. Karani wa namna hiyo angeichana ratiba ya walimu wetu bila hasira, kisha angeiandika upya jioni hiyohiyo.

Na kosa hili la kuiamini ndege kuliko njia lilikwisha kupita Kabalo. Mwanzoni mwa 1931 mwandishi Mwingereza Evelyn Waugh alivuka ziwa hadi Albertville, Kalemie ya leo, kwa sababu aliambiwa kuna ndege itakayomvusha Kongo hadi upande wa magharibi. Ndege hiyo haikuwapo. Akapanda treni hadi hapa, kisha masua hadi Bukama, na mwisho akajikuta anashuka kusini hadi Cape Town. Ameyaandika mwenyewe katika kitabu chake Remote People. Yeye alikuwa mgeni na habari alizipata kwa watu wa kupita. Walimu wetu wamekulia kando ya reli hii.

Ukitaka kuona nafasi ya ziada inavyookoa, tazama pambano la Ali na Foreman, ambalo uwanja wake, Tata Raphaël, ulikuwa kwenye orodha ya walimu. Waandaaji waliliweka Septemba 25, 1974, ndani ya kiangazi. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, likasogezwa hadi Oktoba 30, mvua zikiwa zimekaribia. Pambano likapigwa alfajiri, Ali akashinda raundi ya 8, na muda si mrefu baadaye mvua kubwa ikaushukia uwanja. Majuma matano yalipotea na bado likafanyika, kwa sababu tarehe ya kwanza ilikuwa na pumzi nyuma yake. Wangeanza na Oktoba 30, jeraha lile lingewatupa mwanzoni mwa Desemba.

Watu wanasema siku za ziada ni gharama. Ndipo ninapotofautiana nao kabisa, maana kwa safari ya matembezi siku ya ziada Lubumbashi ni siku ya matembezi. Shilatembo iko nje ya mji: ndipo Lumumba, Mpolo na Okito walipouawa usiku wa Januari 17, 1961. Halafu Kinshasa, kwenye Échangeur ya Limete, kuna kaburi la kumbukumbu lililowekwa jino la Lumumba Juni 30, 2022, yaani mabaki pekee yaliyorudishwa na Ubelgiji. Mwalimu wa historia anayetoka Kabalo angeweza kuianza habari hiyo Shilatembo na kuimalizia Limete, kwa utaratibu wake wenyewe. Weka siku tatu Lubumbashi: treni ikiwahi, unakwenda Shilatembo na jumba la makumbusho la mji, treni ikichelewa, imekula siku hizo na ndege bado inakungoja. Waliobaki Lubumbashi walikaa uani kwa wenyeji wao wakipiga simu. Hakuna aliyewaambia Shilatembo inafikika, kwa sababu kwenye mpango Lubumbashi ilikuwa mahali pa kulala tu.

Na waliofika Kinshasa? Waliliona Jumba la Makumbusho la Taifa, lile lililojengwa kwa msaada wa Korea Kusini na kufunguliwa mwaka 2019, wakapita Boulevard du 30 Juin kwa gari, wakarudi. Limete hawakufika. Lola ya Bonobo, ambako bonobo, masokwe wasiopatikana porini popote duniani ila Kongo, wanalelewa, ilifutwa kwenye orodha. Kilima cha Ngaliema wamekiona kwa mbali.

Nafahamu wapo watakaoniuliza kwa nini sikuitaja njia ya Kamina, Kananga na Ilebo, kisha masua ya Kasai hadi Kinshasa. Nimeitetea njia hiyo miaka yote na sitaacha, maana anayekwenda kwa njia hiyo anaiona nchi yake. Lakini haiingii katika konji ya Paska, na siwezi kuwalaumu kwa kutoichagua.

Kwa Julai ijayo nataka kuona karatasi tofauti mlangoni. Wawili watangulie Lubumbashi na pesa za tiketi, wasinunue mpaka wapate simu ya kuwaambia treni imepita Kamina. Wakilipa zaidi kidogo, walipe. Kurudi ni rahisi, na hapo komite ilikuwa sahihi hata safari hii: ndege inatangulia, treni inafuata, hivyo tiketi ya ndege inaweza kununuliwa mapema bila hofu, kwani kinachokungoja mbele ni treni, na ukiikosa hii utapanda inayofuata.

Limebaki suala la pesa. Komite imeahidi kusoma hesabu, na hesabu hiyo isizichanganye tiketi zilizopotea na tiketi mpya kwenye mstari mmoja ulioandikwa "usafiri". Waliobaki Lubumbashi walichanga sawasawa na waliofika Kinshasa. Pesa yoyote iliyosalia kwenye sanduku irudishwe kwao kwanza, kabla ya kulipa deni la wale walionunua tiketi ya pili.