Peni za Wavujajasho na Jumba la Holborn

Wapo wanafunzi wa siasa ambao wakiulizwa juu ya majengo ya biashara ya Uingereza ya enzi za Malkia Victoria hujibu kwa neno moja: ya kibepari. Jibu hilo si la uongo, ila ni la uvivu. Wapo pia wapenzi wa majengo wanaosifia nakshi bila kuuliza nani alilipa. Tuchukue makao makuu ya zamani ya kampuni ya bima ya Prudential, mtaa wa Holborn, London.

Jumba hilo lilichorwa na Alfred Waterhouse, likajengwa kwa awamu tangu 1876 hadi 1901. Ni la matofali mekundu na terakota, yaani udongo uliokandamizwa ndani ya kalibu na kuchomwa tanurini. Moshi wa makaa ya mawe ulikuwa ukila mawe ya London. Terakota ilistahimili, tena iliweza kuoshwa. Na kalibu moja ilitoa pambo lile lile mara nyingi, bila kumlipa mchongaji kwa kila moja. Hiyo ni hesabu ya kiwanda. Hata hivyo kazi yenyewe ni nzuri, na mkosoaji asione haya kusema hivyo.

Fedha je? Tangu 1854 Prudential iliwauzia wafanyakazi bima ya peni chache kwa wiki, na wakala alizikusanya mlango kwa mlango. Mfanyakazi aliogopa kuzikwa kama fukara kwa gharama ya umma. Hofu hiyo ikageuzwa biashara. Baba akikosa kazi, michango ikikatika, hasa katika miaka ya mwanzo ya mkataba, mara nyingi bima ilikufa na peni zilizokwisha tolewa zikabaki kwa kampuni.

Ndiyo maana mtindo uliochaguliwa ni Gothiki, mtindo wa makanisa makuu ya karne za kati. Tabaka la mabwanyenye liliazima heshima ya kanisa ili mnyonge aamini kwamba akiba yake i mahali salama. Waterhouse aliijengea kampuni ofisi nyingine nyingi mikoani, zikiwamo za Nottingham, Liverpool na Glasgow, kwa wekundu ule ule.

Leo jumba la Holborn limehifadhiwa kisheria kama jengo la kihistoria, na kampuni imekwisha hama. Jina la Waterhouse bado linatajwa. La wakala na la mama aliyemfungulia mlango kila wiki hayatajwi.