Kisu Ndani ya Neno "Safisha": Yohana 15:2 na Msomaji wa Nchi ya Chai

Kurejea maneno ya asili ni desturi iliyokita mizizi katika ufafanuzi wa Maandiko. Aghalabu mfafanuzi hutaja neno la Kiyunani, akatoa maana yake, na mjadala ukafungwa papo hapo. Kwa mhakiki wa fasihi, hapo ndipo mjadala unapoanza, kwani neno hupata maana kutokana na sentensi iliyolibeba na maneno yaliyo jirani nalo. Yohana 15:2 ni mfano mzuri wa jambo hili, hasa kwa msomaji wa Kericho na Bomet, ambako kuukata mmea unaozaa ili uzidi kuzaa ni kazi ya mikono kabla ya kuwa jazanda.

Aya hiyo imejengwa juu ya vitenzi viwili vinavyolandana kwa sauti. Tawi lisilozaa hutendwa "airei", na lile lizaalo hutendwa "kathairei". Vitenzi hivi havina asili moja: cha kwanza hutumika kwa kuinua na kuondoa, na cha pili kinatokana na "katharos", yaani safi. Sikio la msomaji wa Kiyunani, hata hivyo, husikia la kwanza ndani ya la pili. Kisha aya ya 3 inawaambia wanafunzi kwamba wao tayari ni "katharoi". Hivyo basi sauti ya kitenzi inafungua mlango, na sifa inayofuata inaupitia. Hoja ya Yesu inasafiri kutoka shambani hadi kwa watu kwa njia ya mzizi mmoja wa neno, na mzizi huo ukipotea katika tafsiri, aya ya 3 huonekana kana kwamba imezuka ghafla.

Kuna wafafanuzi wanaodai kwamba "airei" hapa maana yake ni "huinua": mkulima hulinyanyua tawi lililolala mavumbini, wala halitupi. Kitabu cha Bruce Wilkinson, Secrets of the Vine, kilichotolewa mwaka 2001, kimeeneza rai hiyo kwa wasomaji wengi. Haiwezi kupuuzwa, maana Injili hii yenyewe inalitumia neno hilo kwa njia zote mbili. Katika Yohana 11:41, jiwe linaondolewa kaburini na macho ya Yesu yanainuliwa juu, na kitenzi ni kile kile. Lakini mfano huo huo ndio unaoidhoofisha rai hii. Kilichotenga maana moja na nyingine ni mazingira ya neno: jiwe la kaburi huondolewa, macho huinuliwa. Katika sura ya 15, aya ya 6 inalifuata tawi lisilokaa katika mzabibu hadi mwisho wake: linatupwa nje, linanyauka, linakusanywa na kuchomwa moto. Matini yenyewe yameamua. Anayechagua "huinua" ameteua maana anayoipenda kutoka katika kamusi, akaiachia kamusi kazi ya sura nzima.

Tafsiri ya Muungano, ambayo Biblia yake kamili ilitolewa mwaka 1952, ilichagua "huliondoa" na "hulisafisha". Ulandani wa sauti umepotea, ila uhusiano na aya ya 3 umehifadhiwa, kwani wanafunzi huko wanaitwa "safi". Lawama inayoweza kutolewa ni kwamba "safisha" halina makali. Humfanya msomaji afikirie maji na sabuni. Lawama hiyo ni nusu ya ukweli. Mkulima wa Kiswahili husafisha shamba kwa jembe na panga, na mpishi husafisha mchele kwa kuondoa chuya na mawe. Kiyunani nacho ni vivyo hivyo: Xenophon, katika Oeconomicus, analitumia "kathairo" kwa usafi wa nafaka unaopatikana kwa kupepeta. Katika lugha zote mbili, kusafisha kitu cha shambani ni kukipunguzia.

Neno mbadala lililo karibu zaidi ni "pogoa". Faida yake ni kwamba linaurudisha mkononi mwa mkulima wembe uliofichwa na "safisha". Hasara yake ni kubwa kuliko faida: aya ya 3 haiwezi kuwaita wanafunzi "waliopogolewa" bila kuchekesha, na daraja la hoja linavunjika. "Takasa" nalo lina mvuto wa pekee. "Hulikata" na "hulitakasa" yangekaribia kabisa mchezo wa sauti wa Kiyunani, kwa kuwa sauti za "kata" zimejificha ndani ya "takata". Lakini neno hilo lina mzigo. Tafsiri ya Muungano inalitumia katika Yohana 17:17 kwa kitenzi kingine cha Kiyunani, "hagiazo". Aidha, katika eneo la Bomet, misheni ya World Gospel iliyo na kituo cha Tenwek, na Kanisa la Africa Gospel lililotokana nayo, ni za mapokeo ya utakatifu ya Wesley, ambamo utakaso ni fundisho mahususi. Msomaji wa huko angelisikia fundisho kabla ya kuliona tawi.

Huyu msomaji wa nchi ya chai analeta nini katika matini? Mchai ukiachwa hukua ukawa mti. Hupogolewa kila baada ya miaka michache ili meza ya kuchumia ibaki chini na machipukizi mapya yatoke, na kwa muda baada ya kupogolewa hautoi jani la kuchuma. Anayeijua hali hiyo haoni vigumu kuelewa kwamba kisu kinaweza kuufikia mmea usio na kosa. Hapo anaisoma "kathairei" vizuri kuliko msomaji wa mjini. Hata hivyo, ulinganisho huo una mipaka. Mchai hupogolewa kwa zamu ya kipande kizima cha shamba, ilhali mkulima wa Yohana huchunguza tawi baada ya tawi. Tena chai hulimwa kwa ajili ya jani. Mchai uliojaa maua na matunda ni dalili ya shamba lililotelekezwa. Mahubiri yanayougeuza mzabibu kuwa mchai moja kwa moja hulipoteza neno "karpon", tunda, ambalo ndilo kipimo cha aya nzima.

Kwa hiyo "safisha" linastahili kubaki katika matini, na "pogoa" lipewe nafasi yake katika ufafanuzi. Matawi yote mawili yanafikiwa na mkono wa mkulima, na yote mawili yanapoteza kitu. Kinachotofautisha hasara hizo ni neno dogo "hina", yaani "ili", lililoambatanishwa na tawi la pili peke yake. Mfiwa au mgonjwa anayeambiwa kwamba maumivu yake ni adhabu anasomewa kitenzi cha kwanza mahali pa cha pili. Kosa hilo kamusi ya Kiyunani haiwezi kulizuia. Linazuiwa na usomaji unaoifuata sentensi hadi nukta yake.