Filimbi Huchelewa: Alikuwa Anarusha au Bado?

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Nyantakara, Biharamulo. Uwanja wa vumbi, ringi haina wavu, sekunde chache zimebaki. Timu iliyo nyuma kwa pointi moja inashambulia. Kijana anakata kuelekea ringi, anaacha kudunda, beki anamgonga mkono, filimbi inalia, mpira unaingia. Refa anafuta kikapu na kuamuru mpira urushwe kutoka nje, maana timu ya beki ilikuwa na makosa machache robo ile. Kikapu kingekubaliwa wangeongoza, na mtupo huru mmoja juu yake. Ugomvi wake usipime!

Hoja ya refa: "Nimepiga filimbi mpira bado uko mkononi." Hapo namkatalia. Kanuni za FIBA haziulizi filimbi ililia lini, zinauliza alipogongwa alikuwa ameshaanza kurusha. Kwa aliyesimama, kurusha kunaanza anapoanza kuupandisha mpira kuelekea kikapu. Kwa anayekata, kunaanza mpira ukishatulia mikononi baada ya kudunda na mwendo wa kurusha ukaanza. Idadi ya hatua haihusiki.

Lakini na mashabiki waliopiga kelele "mkono ulishakuwa juu!" nao walikosea vilevile. Mtu akiona tukio huchukua takribani sekunde 0.2 kuitikia. Tuseme mkono unapanda kwa mita 3 kwa sekunde: filimbi inapolia umeshasogea sentimita 60, yaani kutoka kiunoni hadi karibu na uso. Unachokiona wakati wa mlio siyo kilichokuwepo wakati wa kugongwa.

Kumuuliza mchezaji? Hapana. Mwaka 2019 Ty Tang na Michael McBeath wa Arizona State waliandika katika jarida la Science Advances kwamba watu wawili wakigusa kwa pamoja, kila mmoja huhisi mguso wake umetangulia, kwa kama milisekunde 50. Hawakupima kurusha, ila mimi naona kijana na beki wanaweza kubishana bila yeyote kudanganya.

Kanuni yenyewe ninailaumu kidogo: "mwendo wa kurusha" imeachiwa jicho la refa. Ila mpira kutulia mikononi kunaonekana, bwana, ukiamua kutazama hapo.

Baadaye nilimuuliza yule refa: alipogongwa, mpira ulikuwa umeshatulia? Akafikiri kidogo. Akasema yeye alikuwa anahesabu hatua.