Printa haiko "Offline", haijibu tu

Ukikaa Kunduchi umeme ukakatika, ukarudi, halafu printa ya nyumbani ikaandika Offline, wengi wetu tunakimbilia jambo moja: kuangalia salio la bando. Likiwa limeisha, tunanunua jingine. Printa inabaki vilevile. Lawama simpi mwenye printa, nalitupia hilo neno.

Zamani lilikuwa neno la kweli. Printa nyingi za miaka ya 1980 zilikuwa na kitufe kimeandikwa On Line. Ukikibonyeza taa inawaka, maana yake printa iko tayari kupokea kazi kupitia waya. Ukibonyeza tena, taa inazima, unapanga karatasi zako kwa raha. Intaneti haikuwemo kabisa kwenye hadithi. Leo Windows imerithi neno, na kwa Kiswahili tumezoea kusema "nje ya mtandao". Si uongo, ila kwa mtu wa Mtongani "mtandao" ni intaneti au kampuni ya simu. Kumbe kompyuta na printa zilizo kwenye ruta moja zinaongea zenyewe, bila bando hata la shilingi.

Ebu tuone kinachotokea. Ruta inagawa anwani kwa kila kifaa kwa utaratibu uitwao DHCP, uliotoka mwaka 1993. Anwani hizo ni za kupanga, siyo za kumiliki. Vifaa vikiwaka upya, printa iliyokuwa 192.168.1.4 inaweza kupewa 192.168.1.7. Kompyuta iliyokariri anwani ya zamani inaendelea kugonga mlango wa 4. Kimya. Inaandika Offline. Yaani mpangaji kahamia chumba cha pili, nyumba ileile, wewe unatangaza kahama nchi!

Kinachoniudhi zaidi ni SNMP, lugha ya mwaka 1988 ambayo Windows huitumia kuiuliza printa hali yake kupitia mlango namba 161. Isipojibu swali hilo inatangazwa Offline, hata kama ingechapa vizuri tu. Kiboksi cha kutoa tiki kipo, kimefichwa ndani ya mipangilio ya Port, chini ya Configure Port, sehemu ambayo hata wanafunzi wa uhandisi hawaingii kwa hiari. Na bado kuna chaguo la Use Printer Offline, ambalo unaweza kulibonyeza wewe mwenyewe bila kujua. Neno lilelile tena.

Wangeandika "Printa haijibu kwenye 192.168.1.4", kazi ingekuwa nyepesi: ungechapisha ukurasa wa mipangilio kutoka kwenye printa yenyewe, ukalinganisha namba. Hazifanani? Ongeza Port yenye namba mpya, kisha ingia kwenye ruta uitengee printa anwani hiyo moja kwa moja, ili umeme ukikatika tena isihamishwe chumba.