Beki Aliyegeuka Mwalimu

Katika mpira wa miguu beki ni mtu wa kulaumiwa. Mshambuliaji akikosa mabao manne na kufunga la tano, hubebwa mabegani. Beki akiokoa hatari tisa na kuteleza katika ya kumi, wiki nzima hazungumzwi mwingine ila yeye. Nimeliwaza jambo hili mara nyingi nikifuatilia kazi ya Fred Felix Minziro, beki wa kushoto wa Yanga na Taifa Stars katika miaka ya 1980, ambaye baadaye aligeuka mwalimu. Kwa maoni yangu, Minziro alitoka uwanjani, lakini bahati ya mabeki ilimfuata hadi kwenye benchi.

Tuyatazame mambo kwa mpangilio. Mwaka 2017 aliipandisha Singida United hadi Ligi Kuu. Ilipokwisha kupanda, timu ikakabidhiwa kwa Mholanzi Hans van der Pluijm, aliyekuwa na jina kubwa kwa kuipa Yanga ubingwa. Mwaka 2018 akaipandisha KMC ya Kinondoni. Nayo ikakabidhiwa kwa Mrundi Etienne Ndayiragije. Mwaka 2021 akaipandisha Geita Gold. Akaletwa Ndayiragije yuleyule. Mara tatu mtu amelima, amepanda na kupalilia, na mara tatu wakati wa mavuno mundu umetiwa katika mkono mwingine.

Haki na isemwe. Waliokuja baada yake hawakuwa wababaishaji. Pluijm aliifikisha Singida United fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2018, ikafungwa na Mtibwa Sugar mabao 3-2. Ndayiragije aliiweka KMC nafasi ya nne katika msimu wa 2018/19, ikapata nafasi ya kucheza mashindano ya Afrika. Hapo kiongozi wa klabu anaweza kusema kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi.

Lakini Geita hesabu hiyo iligoma. Msimu wa 2021/22 ulianza vibaya, Ndayiragije akaondolewa, na timu ikarudishwa mikononi mwa Minziro. Alimaliza ligi katika nafasi ya nne, na Geita Gold ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mfungaji bora wa ligi alitoka kwake: George Mpole, mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga. Timu ya beki, basi, ndiyo iliyotoa mfungaji bora wa nchi. Wale wanaosema kwamba beki akiwa mwalimu hufundisha kujilinda tu, wana jambo la kufikiri hapo.

Wala si kwetu peke yake. Mwitaliano Claudio Ranieri alikuwa beki wa Catanzaro. Aliitoa Cagliari daraja la tatu hadi la kwanza, ikafika mwaka 1990. Aliipandisha Monaco mwaka 2013, mwaka uliofuata akashika nafasi ya pili nchini Ufaransa, akaachishwa kazi. Aliipa Leicester ubingwa wa Uingereza mwaka 2016, na Februari 2017 akafukuzwa. Tofauti ni kwamba Ranieri alipata walau ubingwa mmoja ambao dunia nzima iliushuhudia, na tangu hapo hakuna anayeweza kumwita mtu wa kupandisha timu tu. Minziro hajapata ubingwa wa Ligi Kuu akiwa mwalimu mkuu. Huo ni upungufu katika kitabu chake, nami siufichi. Ila nauliza: ataupataje mtu anayepokonywa timu kila inapofika mlangoni?

Msomaji anaweza kushangaa kwa nini mtu wa Igogwe, kwenye chai na migomba, ajishughulishe na habari za Singida na Geita. Sababu iko jirani. Tukuyu Stars ilipanda Ligi Kuu na kutwaa ubingwa wa nchi mwaka 1986, msimu wake wa kwanza. Kisha ikashuka, na sifa ikabaki ya kusimuliwa. Sisi wa Rungwe kupanda tuliweza. Kilichotushinda ni kubaki. Singida United nayo ilishuka mwaka 2020, na Geita Gold mwaka 2024, zote mbili Minziro akiwa ameshaondoka. Jina kubwa benchini si dawa ya kudumu.

Tazama pia Pamba Jiji ya Mwanza. Ilirudi Ligi Kuu mwaka 2024 baada ya miaka mingi, ikaanza na Goran Kopunović, ikaachana naye, na Oktoba ikamwita Minziro. Msimu ukaisha Pamba ikiwa bado Ligi Kuu. Hakuna kombe linalotolewa kwa kutoshuka daraja, wala hakuna gwaride. Lakini mji mzima uliendelea kuwa na mechi ya kwenda kutazama.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Siku timu ya wilaya hii itakapopanda tena, viongozi wake watajaribiwa kutafuta jina la mbali kabla jasho halijakauka. Naomba kwanza wamwite aliyewapandisha, wakae naye mezani, wamwulize anahitaji nini ili timu ibaki.