Kamusi za Uchumi: Wingi wa Maneno Hautoshi

Mithali yasema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza: hata daftari likiwapo, kama maneno yake hayaeleweki, mali itapotea vilevile. Siku hizi mikataba ya mikopo, sheria za kodi na hesabu za makampuni huandikwa katika lugha moja, kisha husomwa katika lugha nyingine. Katikati amesimama mfasiri. Mara nyingi hakusomea uchumi, wala hapewi siku nyingi za kufikiri. Akikwama, hufungua kamusi ya intaneti. Je, kamusi hizo zamsaidia kweli? Ndilo jambo tunalotaka kulichungua.

Tutazame kwanza IATE, ghala la maneno la Umoja wa Ulaya. Watumishi wa Umoja huo walianza kulitumia mwaka 2004, na tangu 2007 kila mtu aweza kulifungua bila malipo. Lina mamilioni ya maneno katika lugha rasmi 24. Ni kazi kubwa, nasi twaisifu. Lakini ghala hilo lilijengwa kwa kuunganisha orodha za zamani za ofisi mbalimbali. Kwa hiyo jambo moja laweza kutokea mara mbili au tatu. Mfasiri aliyetafuta neno moja huletewa mengi, kisha huachwa peke yake achague. Tena mara nyingi haonyeshwi jinsi neno linavyokaa katika sentensi.

Wataalamu wengine walishika njia tofauti. Katika chuo kikuu cha Aarhus, Denmark, Henning Bergenholtz, Sandro Nielsen na wenzao walitunga kamusi za uhasibu za intaneti, kwa Kidenmaki na Kiingereza. Pedro Fuertes-Olivera wa Valladolid, Hispania, aliendeleza kazi hiyo kwa Kihispania. Mwaka 2014 yeye na Sven Tarp walitoa kitabu kizima juu ya kamusi za namna hii. Fikra yao ni nyepesi: kamusi ni chombo, kama jembe au nyundo. Usiulize kwanza ina maneno mangapi. Uliza: nani ataishika, na kwa kazi gani? Anayetaka kuelewa neno ahitaji maelezo. Anayetaka kuandika ahitaji sarufi, na maneno yanayofuatana na neno lake.

Twaona wamesema kweli. Hata hivyo tuna neno la kuwajibu. Wao hupenda kumgawia mtumiaji milango: mmoja wa kusoma, mmoja wa kuandika, mmoja wa kufasiri. Lakini mfasiri hufanya yote kwa saa moja. Asoma, ashangaa, aandika, afuta, arudi kusoma tena. Kumwuliza kila mara aingie mlango gani ni kumchelewesha. Heri mlango uwe mmoja, na ndani yake mambo yapangwe vizuri: maana fupi juu, mifano chini yake, maelezo marefu mwisho kwa mwenye nafasi.

Basi, kamusi njema imwambie mfasiri mambo gani? Twataja matatu.

Kwanza, mahali. Neno «stock» katika hesabu za Uingereza ni bidhaa zilizomo ghalani. Marekani mara nyingi ni hisa za kampuni. Kamusi isiyotaja nchi yamtega mfasiri.

Pili, wakati. Serikali ya Uingereza ilianza mwaka 1974 kutumia «billion» kwa maana ya milioni elfu moja. Katika maandishi ya Kiingereza ya zamani zaidi yaweza kuwa milioni mara milioni. Na kwa Kifaransa ndivyo ilivyo hata leo: «billion» ni milioni mara milioni, na milioni elfu huitwa «milliard».

Tatu, maneno yanayoandamana. Kodi hutozwa, deni hufutwa, mkopo hurejeshwa, hisa hununuliwa. Mwenye kujua jina peke yake, bila tendo lake, ataandika sentensi inayochekesha.

Mambo haya yatuhusu sana sisi wa Kongo. Sheria zetu na mikataba ya benki huandikwa kwa Kifaransa. Tena tangu 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako karatasi nyingi hutoka kwa Kiingereza. Kiswahili chetu chapokea maji ya mito miwili. Bilioni ya Kiswahili ni milioni elfu, sawa na «milliard» ya Kifaransa. Anayegeuza «billion» ya Kifaransa kuwa bilioni amepunguza fedha mara elfu! Tazama tena «pato la taifa». Magazeti mara nyingi hulitumia kwa mali yote inayozalishwa ndani ya mipaka, hata ile ambayo faida yake huenda ng'ambo. Heri hiyo iitwe pato la ndani, maana nchi ambayo wageni huchimba shaba yake yafaa ijue ni kiasi gani kinachozalishwa kwake, na ni kiasi gani kinachobaki.

Kwa hiyo hatuombi ghala la mamilioni. Twaomba maneno mia chache yaliyochunguzwa vema, kila moja na nchi yake, mwaka wake, na sentensi mbili za Kiswahili safi. Wafasiri, wahasibu na walimu wakae pamoja kwa kazi hiyo. Tena asipatikane mtunzi tu. Apatikane na mlinzi, maana sheria hubadilika, na kamusi ya intaneti isiyotunzwa hudanganya kwa sura ya upya.

Mkulima anayetia sahihi yake chini ya mkopo haulizi kamusi ina maneno mangapi. Auliza atalipa kiasi gani, na lini. Kamusi inayomwezesha mfasiri kumjibu bila kosa, hiyo ndiyo kubwa.