Nani Asemaye Katika Shairi?

Mtunzi atiaye ubeti wake mtandaoni huenda asiuone kesho yake, wala asipewe sababu ila kwamba amevunja kanuni. Ndipo izaliwapo tuhuma: ni mashine haikufahamu, au kuna mkono usiotaka asikike? Tuhuma hii yafaa ipimwe kwa mfano.

Aprili 2022, mtu mmoja nchini Latvia aliweka Facebook maandishi ya Kirusi, pamoja na picha ya kilichoonekana kuwa maiti barabarani, Bucha, Ukraine. Alilifananisha jeshi la Urusi na la Manazi, akamalizia kwa beti za Konstantin Simonov kutoka shairi la 1942, ambalo jina lake ni amri ya kuua. Meta, yenye Facebook, ikayaondoa kwa kuyahesabu maneno ya chuki. Shauri lilipochaguliwa na Bodi ya Usimamizi, iliyoundwa na Meta yenyewe, kampuni ikayarudisha, ila picha ikafunikwa kwa onyo. Novemba 2022 Bodi ikaamua kwamba yote mawili, kuondoa na kufunika, yalikuwa makosa.

Shauri hili kwa hakika ni la uhakiki. Aliyeondoa alikiona kitenzi cha kuamrisha, akakihukumu. Hakuuliza swali la kwanza la mwanafunzi wa fasihi: nafsi inenayo ni ya nani? Simonov aliamrisha kweli, vitani, dhidi ya jeshi lililoivamia nchi yake. Huyu wa Latvia aliiazima amri ile kuonyesha jinsi chuki izaavyo chuki, hata aliyevamiwa jana awe mvamizi leo. Maneno ni yale yale. Kauli si ile ile.

Sisi wa mwambao, tuliolelewa na mafumbo ya Muyaka na ya taarabu, twalijua hilo. Hata watawala walilijua. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya tangu 1969 hadi 1972 kwa waraka wake *Kenya: Twendapi?*, walimfunga kwa kuwa walimfahamu. Dhuluma ile ilikuwa na mahakama na tarehe, na gerezani mlimotungwa *Sauti ya Dhiki*. Hii ya leo hufuta bila kufahamu, wala haitii sahihi.

Sisemi mlango uachwe wazi. Mwaka 2018 Facebook ilikiri kwamba haikufanya ya kutosha kuzuia isitumiwe kuchochea ghasia Myanmar. Yapo maneno yauayo. Lakini atakaye kuhukumu maneno sharti awe msomaji wa lugha hiyo, aandike sababu yake, na akubali kujibiwa. Asipofanya hivyo, hana haki ya kulalamika akituhumiwa njama.

Hasara kubwa haimo katika beti zilizofutwa, kwani hizo zaweza kurudishwa. Imo katika zile ambazo mtunzi, kwa kuihofia mashine, amezilainisha kabla hazijamtoka kalamuni. Hizo hazina bodi ya kuzikatia rufaa.